Nasaba ya akina Komnenos: Andronikos nimweke tawi lipi?

Mchoranasaba:
Wakuu, habari za jioni. Nachora mti wa ukoo wa akina Komnenos, wafalme wa Bizanti (dola ya Kirumi ya mashariki, makao yake Konstantinopoli, Istanbul ya leo), kwenye manila niliyobandika ukutani. Nimefutafuta hadi karatasi imetoboka mahali pamoja, mwaka 1183. Mstari wangu ulishuka vizuri: Alexios I (1081–1118), mwanawe Ioannes II, mjukuu Manuel I, kitukuu Alexios II. Ghafla anaingia kitini Andronikos. Katokea wapi? Na mbona majina yanajirudia hivi?

Mwalimu_Mstaafu:
Umeshuka na wenye taji peke yao, ndiyo maana umekwama. Rudi kwa Alexios I. Ioannes alikuwa na mdogo wake, Isaakios. Andronikos ni mtoto wa huyo Isaakios.

Sasa hesabu kwa Kiswahili chetu. Manuel na Andronikos ni watoto wa kaka na mdogo wake, kwa hiyo Andronikos ni baba mdogo wa Alexios II. Nimefundisha historia miaka mingi na hapa bado roho inaniuma. Mtoto alifiwa na baba mwaka 1180 akiwa na miaka 11. Baba mdogo akaja kwa jina la ulezi, akamfanya atie saini hukumu ya kifo ya mama yake mzazi, Maria wa Antiokia. Kisha mtoto mwenyewe akanyongwa kwa upote wa upinde. Mjane wake, Agnes wa Ufaransa, binti wa miaka kama 12, akaolewa na huyohuyo mzee wa miaka zaidi ya 60.

Majina: kifungua mimba wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba. Baba yake Alexios I aliitwa Ioannes, ukishuka utaona yanapokezana.

Mpenda_Mozaiki:
Ila hata ule mstari wa juu haukunyooka, mkuu. Kifungua mimba wa Ioannes alikuwa Alexios mwingine, aliyekwisha kuvikwa taji pamoja na baba yake. Yumo kwenye picha ya mozaiki (vipande vidogo vya rangi) ndani ya Hagia Sophia, lililokuwa kanisa kuu la Konstantinopoli, ghorofani upande wa kusini. Ioannes kashika mfuko wa pesa za sadaka, mkewe Irene wa Hungaria kashika hati, Bikira Maria na Mwana katikati. Kijana yuko kando, kwenye ubavu wa nguzo, uso mwembamba. Alikufa kwa homa mwaka 1142. Manuel alikuwa mtoto wa kiume wa nne. Alipata kiti kwa sababu alikuwa kambini Kilikia (kusini mwa Uturuki ya leo) baba yao alipokata roho mwaka 1143, huku kaka yake Isaakios (si yule baba wa Andronikos) yuko Konstantinopoli.

Mchoranasaba:
Mwalimu, shikamoo na asante. Basi tawi la Andronikos liliishia kwake?

Mwalimu_Mstaafu:
Marahaba. Halikuishia. Mwaka 1185 umati wa Konstantinopoli ulimuua, na kiti kikaenda kwa Isaakios Angelos, naye kitukuu wa Alexios I kupitia binti yake Theodora. Lakini wajukuu wawili wa Andronikos, Alexios na David, walianzisha dola yao Trebizond, pwani ya Bahari Nyeusi, mwaka 1204. Uzao wao ulitawala hadi 1461. Yule mtoto aliyenyongwa hakuacha hata mmoja.

Mchoranasaba:
Nimeunganisha manila ya pili kwa chini. Chini ya jina la Alexios II nimepaacha peupe.