Kiuno kimekaza baada ya kupakia viazi: akande, ameze dawa au aende hospitali?

Mpakiaji_Uyole: Wakuu, mdogo wangu ana miaka 34, anapakia viazi hapa Uyole. Tangu juzi akiinama kiuno kinakata, maumivu yanashuka takoni hadi nyuma ya paja la kulia. Homa hana, mkojo safi. Wengine wanasema ni figo, wengine eti alale chali wiki nzima. Tufanyeje?

Viungo_Mbeya: Pole kwake mkuu. Figo kwa kawaida huuma juu zaidi, usawa wa mbavu, na kuinama hakubadilishi sana. Hiyo inaelekea ni misuli, au disiki (kile kipande laini kati ya mifupa ya uti wa mgongo) inayogusa mshipa wa fahamu.

Wiki nzima kitandani hapana! Apumzike siku moja au mbili, kisha atembee dakika 10 mara tatu kwa siku, njia tambarare, sio kwenye mteremko. Jioni baridi ikianza, akandwe kwa chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa, dakika 15 hadi 20. Halafu alale kifudifudi, aegemee viwiko dakika 2, arudie mara kadhaa kwa siku. Maumivu yakitoka pajani yakapanda kurudi kiunoni, anaendelea vizuri hata kama kiuno chenyewe kinauma zaidi kidogo. Yakishuka kuelekea unyayoni, aache zoezi hilo akamwone mtaalamu wa tiba ya viungo.

Dawa_Iringa: Ya maumivu, ibuprofen mg 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku, isizidi siku 5. Asichanganye na diclofenac, ni kundi moja. Tumbo na figo ndivyo vinavyoumia. Mwenye vidonda vya tumbo, figo au presha asianze bila kuuliza. Na sindano ya takoni dukani akatae, ikikosewa inajeruhi mshipa uleule unaomsumbua.

Viungo_Mbeya: Naongezea. Ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kujitokea, unyayo kuburuzika: Hospitali ya Rufaa siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Homa, jasho la usiku na kukonda, apimwe TB ya uti wa mgongo, na brusela (ugonjwa unaotoka kwa mifugo) kama anakunywa maziwa mabichi. X-ray asiikimbilie, disiki haionekani humo.

Mpakiaji_Uyole: Asanteni sana. Kazini arudi lini?

Viungo_Mbeya: Akiinama na kutembea bila maumivu ya mguu. Aanze na nusu gunia, alikumbatie karibu na tumbo, ageuke kwa miguu sio kiuno. Lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, zibebwe na watu wawili.