Miungu, haki, namba: vipo kweli au vimo vichwani mwetu tu?

Mleta mada:
Wakuu, tuseme binadamu wote tumetoweka usiku wa leo. Kesho milima ipo, bahari ipo. Je, Mungu yupo? Haki? Namba saba? Mimi nasema vinazimika nasi. Xenophanes, Mgiriki wa kale, alishaliona: Waethiopia miungu yao myeusi, Wathrakia miungu yao ina nywele nyekundu, na farasi wangekuwa na mikono wangechora miungu farasi.

Mchangiaji:
Mkuu, umetia vyote kapu moja. Fedha nakuachia: sote tukikubali karatasi ni fedha, ni fedha, hatuwezi kuwa tumekosea. Namba nakataa. Mwaka 1640 Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alikuwa na mfululizo wake: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote namba tasa. Akaamini inayofuata, 4,294,967,297, nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha inagawanyika kwa 641. (Jaribuni kwa mkono, mtamheshimu.) Kama namba zimo vichwani tu, Fermat alikosea nini, wakati kichwani mwake ilikuwa tasa? Kitu ambacho sote tunaweza kukikosea kwa pamoja si mali ya vichwa vyetu.

Na Xenophanes umemkatiza njiani. Hakusema hakuna mungu. Alisema yupo mmoja mkuu, asiyefanana na wanadamu kwa umbo wala kwa fikra. Alichocheka ni zile picha.

Mleta mada:
Kwa Xenophanes umenishika, nakiri. Ila kipimo chako kinakata kuwili. Le Verrier, mnajimu Mfaransa wa karne ya 19, alipiga hesabu akasema kuna sayari ambayo bado haijaonekana. 1846 wakaelekeza darubini, Neptuni hiyo hapo. Mwaka 1859 akarudia kwa hesabu nyingine, safari hii sayari jirani na Jua, ya kueleza kwa nini sayari Zebaki haiendi kama hesabu zilivyotaka. Ikapewa jina, Vulcan, na wapo walioapa wameiona. Haikuwepo. Mwaka 1915 Einstein akaeleza mwendo wa Zebaki bila kuihitaji. Mtu yuleyule, kalamu ileile. Kwamba tunaweza kukosea kuhusu Mungu kunaonyesha swali lina jibu, hakuonyeshi kuwa jibu ni "yupo".

Mchangiaji:
Sikusema linaonyesha. Ila Vulcan ilikosekana kwa kutafutwa angani, haikukosekana kwa kuwa ilianzia kichwani. Neptuni nayo ilianzia hukohuko. Kwa hiyo "ni wazo la watu" si hoja dhidi ya mungu yeyote. Na bado hujanijibu: miaka ile 92 kabla ya Euler, 641 ilikuwa inagawanya kichwani mwa nani?