Arobaini ya Mkatoliki, ukoo mchanganyiko: nani aombe nini?

Mkwakwani_B:

Wakuu, naomba mwongozo. Marehemu alikuwa Mkatoliki. Alifariki 27 Septemba, akazikwa 30, hapa hapa Tanga mjini. Mumewe ni KKKT (Mlutheri), mashemeji wawili ni Wasabato, na majirani karibu wote ni Waislamu. Wanaohesabu tangu kufa wanasema arobaini ni Jumatano 5 Novemba, na wanaohesabu tangu kuzikwa wanasema Jumamosi 8. Hilo tutalimaliza. Gumu ni la kikaoni: mmoja kasema bila Misa ya arobaini roho haipumziki, wa pili kasema kumwombea mfu ni kazi bure, wa tatu kasema marehemu amelala na hajui lolote. Kila upande unafundisha nini hasa? Na ratiba ipangweje watu wasije wakanuniana makaburini?

Katekista_Pongwe:

Poleni na msiba. Tuanze na huyo wa kwanza, maana ni wa kwetu na kakosea. Arobaini si amri ya Kanisa Katoliki. Misale (kitabu cha Misa) ya zamani ya Kiroma ilikuwa na Misa za siku ya 3, ya 7 na ya 30 tangu maziko. Arobaini wanayo Waorthodoksi, na sisi wa pwani tunayo kama desturi ya kuondoa matanga. Misa ikisomwa siku ya 36 au ya 43 haipungui kitu.

Kuhusu roho yenyewe: tunafundisha kwamba mtu akifa anahukumiwa papo hapo, hukumu ya binafsi, halafu ni mbinguni, au toharani, au jehanamu. Toharani si jehanamu ndogo, na hakuna nafasi ya pili ya kutubu kule. Aliyeko toharani amekwisha kuokoka, anatakaswa tu kabla ya kumwona Mungu. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Florence ulilitamka hilo mwaka 1439, ule wa Trento ukalirudia 1563, na katika Katekisimu lipo namba 1030 hadi 1032. Trento haikutaja nyuzi za joto wala idadi ya miaka. Zile rehema za "siku 300" za vitabu vya sala vya mabibi zetu zilipimwa kwa siku za malipizi ya hapa duniani, hazikuwa kifungo cha toharani, na Papa Paulo VI aliuondoa mtindo huo mwaka 1967.

Andiko linalotajwa zaidi ni 2 Makabayo 12:38-46. Angalieni Biblia mtakayosomea: ile ya Union wanayobeba ndugu wengi haina Makabayo. Tafuteni yenye vitabu vya Deuterokanoni (vile vya Agano la Kale ambavyo Biblia za Kiprotestanti hazina) mapema, msomaji asisimame mbele za watu akipekua kurasa ambazo hazimo.

Tarehe zenu zote mbili zimeangukia pazuri. Kuanzia 1 hadi 8 Novemba, Mkatoliki anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kimoyomoyo, anapata rehema kamili (kufutiwa adhabu yote ya muda ya dhambi zilizokwisha kusamehewa) kwa ajili ya marehemu tu. Masharti: aungame, apokee Komunyo, asali kwa nia za Baba Mtakatifu (Baba Yetu na Salamu Maria zinatosha), na moyo wake usiing'ang'anie dhambi yoyote, hata ndogo. Ungamo moja linatosha kwa siku kadhaa, takriban 20 kabla au baada, lakini Komunyo na sala ya nia za Papa zinahitajika kwa kila rehema, na rehema kamili ni moja kwa siku. Sharti likikosekana, inabaki rehema isiyo kamili. Wengi hukwama hapo: wanakwenda makaburini na maua na mishumaa, kuungama hawajaungama.

Ofisi ya parokia nendeni sasa hivi. Novemba nia za Misa (majina ya wanaoombewa) hujaa. Misa moja iliyotolewa sadaka yake ina nia moja, kwa hiyo msiandike majina ya ukoo mzima halafu mlalamike padre hakuyasoma. Majina mengine yaingie kwenye orodha ya marehemu ya mwezi. Na asiye na sadaka asiogope: kanuni 945 ya Sheria za Kanisa inawahimiza mapadre kusoma Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila sadaka.

Mlalo_Usharikani:

Upande wa KKKT. Hiyo "kazi bure" imekuwa kali kuliko vitabu vyetu wenyewe. Ni kweli kwamba hoja 95 za Luther, mwaka 1517, zilianzia kwenye biashara ya rehema, na Makala za Smalcald za 1537 zinaikataa toharani waziwazi. Lakini Utetezi wa Ungamo la Augsburg wa 1531, makala ya 24, unasema hatuwakatazi watu kuwaombea marehemu. Tunachokataa ni kuitoa Meza ya Bwana kama kazi ya kumlipia mtu aliyekwisha kufa. Kwetu wokovu ni kwa neema kwa njia ya imani, na aliyekufa katika Kristo yuko na Kristo (Wafilipi 1:23) akingoja ufufuo.

Kwa hiyo mchungaji mkimwita, mwombeni ibada ya shukrani na faraja. Atamshukuru Mungu kwa maisha ya marehemu na kuwaombea waliobaki. Msimpe karatasi yenye sala ya kumtoa marehemu toharani, mtamtesa bure. Na kwa kuwa marehemu ni wa Kanisa jingine, mwambieni paroko kwanza. Kuhubiri ndani ya Misa ni kazi ya padre au shemasi, kwa hiyo mchungaji apewe nafasi nyumbani au kaburini.

Sasa mtego ambao haukosekani: Baba Yetu. Wakatoliki wanaishia "utuopoe maovuni", sisi tunaendelea "kwa kuwa ufalme ni wako". Nusu ya watu wameitikia Amina, nusu bado wanasali. Imani ya Mitume nayo maneno yanapishana kidogo. Aongoze mmoja, aseme kabla tunafuata kitabu kipi. Zaburi 23 na Yohana 11:17-27 haziwezi kumkwaza mtu.

Siku_ya_Saba:

Shemeji Msabato hajabuni. Kwetu ni msingi wa imani namba 26: mtu ni mavumbi na pumzi ya uhai (Mwanzo 2:7), akifa hajui neno (Mhubiri 9:5), na Yesu mwenyewe alisema Lazaro amelala. Wenye haki wanaamka Kristo akirudi, waovu baada ya miaka elfu (Ufunuo 20:5), na mwisho waovu wanateketea, hawachomwi milele. Luka 23:43 tunaisoma "nakuambia leo", kituo kikiwa baada ya leo, kwa sababu Kigiriki cha mwanzo hakikuwa na alama za vituo.

Ndiyo maana hatumwombei marehemu, na ndiyo maana tunakataa pia kwamba sauti ya marehemu inayosikika usiku ni yake.

Jumamosi 8 msitutegemee jikoni wala kubeba viti. Sabato inaanza machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Na mkipika vya pwani, kumbukeni pweza, ngisi na kamba hatuli. Changu au kolekole hana tatizo, ana mapezi na magamba.

Magila_Msalabani:

Naongeza dogo, msituweke wote kapu moja la "Waprotestanti". Anglikana wa Tanga tumelelewa na UMCA (misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza), na sala za marehemu tunazo, 2 Novemba, siku ya marehemu wote, tunaiadhimisha. Wakati huohuo kifungu cha 22 kati ya vile 39 vya imani ya Kianglikana kinakataa mafundisho ya Roma juu ya toharani. Kumwombea mtu na kuamini toharani ni mambo mawili.

Kuna na la tatu ambalo kikao chenu hakijaligusa, nalo huku Bondei na Usambaa lipo: kuzungumza na marehemu. Mzee mmoja akimwaga pombe kaburini na kumwuliza marehemu nani kamroga, hapo Wakristo wote mliowataja watasimama upande mmoja (Kumbukumbu la Torati 18:10-11). Msemeni mapema, kabla hajafika na kibuyu.

Mkwakwani_B:

Asanteni sana. Tukisogeza yote Jumapili 9 ili Wasabato wawepo, tunapoteza nini? Na kuna wanaotaka kaburi lijengewe siku hiyohiyo.

Katekista_Pongwe:

Tarehe 9 rehema ya makaburini imeshapita, na Misa ya Jumapili ina masomo yake, marehemu atatajwa kwenye nia tu. Gaweni. Jumatano 5 ni siku ya kawaida, Misa ya wafu inaruhusiwa: makaburini saa 9 alasiri, Misa saa 11 jioni. Jumapili mchana iwe ibada ya mchungaji nyumbani na chakula. Mbuzi achinjwe na jirani Muislamu ili sahani iwe moja. Wasio Wakatoliki waambiwe nyumbani kwamba Komunyo hawapokei, wasije wakarudishwa kwenye foleni mbele za watu.

Kaburi msijenge. Siku arobaini udongo bado unashuka, na vuli ndiyo hiyo. Zege la sasa litapasuka au kulala upande. Simikeni msalaba wa mbao wenye jina na tarehe, rudisheni udongo palipotitia, mjengee masika ijayo ikishapita, kuanzia Juni.