Mbeya: mwenzako akipiga dabo ya kuomba, JIBU. Tumechoka kulipishwa

Wakuu, salamu kwenu wote mnaocheza briji, huu mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, Mbeya, Iringa, Njombe na kokote mliko.

Nina hasira na sitaificha. Hapa Mbeya tuna kikundi chetu, tunakutana Soweto jioni za wikiendi, na ni watu ninaowapenda. Lakini kwenye dabo ya kuomba wamegoma kuelewa, na wanagoma makusudi. Nimeongea kwa upole, nimeandika kwenye karatasi, nimechora. Leo naweka hapa hadharani.

Kwa ambaye ni mgeni: mpinzani akifungua mnada (kutaja mkataba kabla ya kucheza) kwa kopa moja, yaani mizunguko saba kopa ikiwa turufu, nami nikapiga dabo (kuzidisha hesabu ya mkataba wake) huku mwenzangu hajanadi chochote, sijasema kwamba nitamwangusha mpinzani. Ninachomwambia mwenzangu ni hiki: nina nguvu ya kufungua, pointi 12 hivi au zaidi (esi 4, kingi 3, kwini 2, jeki 1), kopa sina au ninazo chache, aina nyingine tatu zote ninazo, chagua wewe. Aliyeulizwa anajibu. Na mwenye pointi sifuri ndiye anayebanwa kujibu kuliko wote, kwa sababu akisema pasi tunabaki kwenye mkataba wa mpinzani, tena umezidishwa.

Sasa sikieni kilichotokea juzi. Mpinzani wa kulia kwangu kafungua kopa moja, wao wako hatarini, yaani zawadi na adhabu zao ni kubwa zaidi. Mkononi nina esi, jeki, nane na nne za shupaza. Kopa ni sita peke yake. Uru nina kingi, kwini, tisa na tatu. Pau nina kingi, jeki, saba na mbili. Pointi 14, na mgawanyo ambao ukitaka kumfundisha mtu dabo ya kuomba huhitaji mfano mwingine. Nikapiga dabo. Wa kushoto akasema pasi. Mwenzangu, mzee ninayemheshimu sana, akatazama karata zake muda mrefu, akasema pasi.

Jamani, mwenzako akipitisha dabo yako pale chini kwenye moja, kwa kanuni amekuambia ana kopa za kutisha, tano au zaidi, kingi, kwini, jeki, kumi, zinazofuatana. Na kwa kuwa mimi ndiye naanza kutoa, natakiwa nitoe kopa yangu hiyo moja ili tuwamalizie turufu. Nikatoa sita ya kopa. Karata za mzee zikaanza kuonekana: kopa tisa, saba, tano, tatu. Shupaza alikuwa nazo nne, kwini juu! Yaani nimeomba shupaza, anazo, kanyamaza. Nimewasaidia wapinzani kukusanya turufu kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu niliamini pasi yake.

Kopa moja inadai mizunguko saba. Wakachukua tisa. Hesabu: 60 za mkataba uliozidishwa, 50 za mkataba mdogo, 50 za kutimiza chini ya dabo, na 200 kwa kila mzunguko wa ziada. Jumla 560. Angesema shupaza moja tu, aliyefungua angerudi na kopa mbili, wangepata mizunguko yao hiyo hiyo tisa, na wangeandikiwa 140. Tofauti ni pointi 420, na hapo wala hatukuwa na mkataba mkubwa wa kugombea.

Nikamuuliza kwa adabu, "Mzee wangu, mbona hukutaja shupaza?" Akajibu, "Kijana, nina pointi mbili, nitaje kitu kwa nguvu gani? Dabo umepiga mwenyewe, uwaangushe mwenyewe." Meza nzima ikaitikia kwa kichwa. Hicho ndicho kilichoniumiza, si zile pointi.

Halafu akaja mwingine na hoja kwamba haya ni mambo ya vijana wa intaneti, kwamba briji halisi dabo ni dabo. Si kweli. Dabo ya kuomba ilishakuwepo Marekani kwenye briji ya mnada ya zamani, miaka mingi kabla Harold Vanderbilt hajatengeneza hesabu za briji tunayocheza leo mwaka 1925. Ni kongwe kuliko mchezo wenyewe tulio nao mezani! Angalau angesema hivyo kuhusu dabo hasi (anayopiga mwenzi wa aliyefungua baada ya mpinzani kuingilia mnada) ya Mmarekani Alvin Roth ya 1957, ile iliyobandikwa jina la Sputnik, ningemwelewa kidogo.

Najua wengi wetu tumetokea kwenye arubasitini, kule unaangalia karata zako, unapiga. Sawa. Lakini briji ina mnada, na mnada ni mazungumzo ya watu wawili. Usipotaka kuzungumza na mwenzako, rudi arubasitini, hakuna atakayekulaumu.

Upande wa pili nao sijauacha. Kuna wanaopiga dabo kwa sababu tu wameona pointi 13. Kopa nne mkononi, shupaza mbili, dabo! Mwenzake kwa uaminifu anataja shupaza, wanajikuta na turufu sita upande wao, wapinzani saba. Kwa pointi 13 na kopa nne zako sema pasi ukae kimya. Ukiwa na 17, 18 kwenda juu, hapo dabo na mgawanyo wowote inaeleweka, maana una nguvu ya kunadi tena baadaye. Na wewe unayejibu, ukiwa na 9 hadi 11, ruka ngazi moja, usitaje kinyonge kana kwamba huna kitu. Mwenzako atajuaje?

La mwisho ndilo baya kuliko yote, na naliita kwa jina lake: ni wizi. Kwa kuwa hawataki kukubaliana kabla ya mchezo, wamebuni sauti. Akitaka adhabu anasema "DABO!" na ngumi mezani. Akitaka kuombea anasema "dabo" kwa upole, anamtazama mwenzake machoni. Sheria ya 73 ya briji ya mashindano inakataza mikazo ya sauti na ishara za namna hiyo, na Sheria ya 16 inamkataza mwenzako kuvitumia. Wenzetu wanaotoka Iringa wakija kucheza nasi wanaona yote hayo. Wananyamaza kwa ustaarabu, lakini wanaona.

Dawa yake ni rahisi. Kwenye mashindano watu hawatamki chochote, wanatoa kadi: pasi ya kijani, dabo nyekundu yenye X, ridabo (kuizidisha tena dabo ya mpinzani) ya bluu yenye XX. Hatuna visanduku vyake, lakini karatasi za manila na maka peni zimejaa Mwanjelwa. Seti za meza moja mtu anazikata jioni moja akiwa nyumbani. Nimelipendekeza hili kwenye kikundi, nikaambiwa nataka kuharibu raha ya watu. Raha ya nani? Wale vijana wawili waliokuja kujifunza walipitishiwa dabo zao jioni nzima, kisha wakazomewa, na hawajarudi.

Msimamo wangu: nitakata hizo kadi mwenyewe kwa meza yangu. Atakayekaa nami tukubaliane kabla ya kugawa karata kwamba dabo juu ya ufunguzi wa ngazi ya kwanza hadi ya tatu ni ya kuomba, na inajibiwa. Asiyetaka atafute meza nyingine, hatugombani.

Wa Iringa, Mafinga na Njombe, naomba mnisaidie: mpinzani akifungua kopa nne moja kwa moja, kwenu dabo mnaihesabu ya kuomba au ya adhabu? Na ikiwa ni shupaza nne?