Wema wa Kikristo kwa dada wa kazi: tuanzie wapi kwa vitendo?

MamaJumuiya_Dar

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Nimepewa mada ya jumuiya: "Upendo ndani ya nyumba". Waefeso 4:32 wengi tunaijua kwa kichwa: "iweni wafadhili ninyi kwa ninyi, wenye huruma, mkasameheane". Tatizo ni kwamba mada hii kila mara inaishia kwa mume na mke, watoto wanaguswa kidogo, tunasali, kisha tunakunywa chai iliyopikwa na dada wa kazi ambaye hakuna aliyemtaja. Safari hii nataka tuanze na yeye.

Naomba mnisaidie mambo matatu: mshahara na muda wa kazi, chakula na malazi, na namna ya kumrekebisha anapokosea. Nahitaji vitu ambavyo mtu anaweza kuanza navyo Jumatatu asubuhi. Wanajumuiya wengi ni watu wa kipato cha kawaida, nyumba ya vyumba viwili au vitatu, baba na mama wote wanatoka kutafuta.

MzeeWaUsharika

Milele amina, mama. Mimi naomba mada yako ianze na mshahara kabla ya huruma. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua maskini alipwe siku yake, kabla jua halijachwa, kwa kuwa moyo wake umeutumainia huo ujira. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele. Zawadi ya kitenge wakati wa Krismasi haifuti miezi miwili ya mshahara uliocheleweshwa, na nguo ulizochoka kuvaa si sehemu ya malipo.

Mshahara wa dada huchelewa kwa sababu hulipwa mwisho, kwa kile kilichobaki. Geuza mpangilio. Siku fedha inapoingia, wa kwake utoke kwanza, kabla ya kodi ya king'amuzi na kabla ya mchango wa harusi. Kwa mwenye biashara ndogo asiye na mwisho wa mwezi, gawa kwa nne: kama mmekubaliana 120,000, weka pembeni 30,000 kila Jumamosi, usiiguse. Kiwango chenyewe kisishuke chini ya Amri ya Mishahara inayotumika sasa. Ipo kwenye Gazeti la Serikali, na CHODAWU, chama kinachohusika na wafanyakazi wa majumbani, wanaweza kukueleza.

Mlipe yeye. Kumtumia mama yake kijijini, au shangazi aliyemleta, ndiko kunakomfanya binti afanye kazi mwaka mzima asione hata shilingi. Laini iwe yake, imesajiliwa kwa namba yake ya NIDA, na ongeza ada ya kutolea ili kiasi mlichokubaliana kifike mkononi kamili. Akitaka kutuma nyumbani, atatuma mwenyewe.

Andikeni. Karatasi moja inatosha: kazi zipi, saa ngapi, siku ya mapumziko, mshahara, tarehe ya kulipa. Kisha daftari la malipo lenye tarehe, kiasi, alichokopa, kilichobaki na sahihi mbili. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri asiye na maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi yalikuwaje.

Sahani ikivunjika, usikate mshahara kimyakimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu makato ya uharibifu mpaka mfanyakazi aelezwe, apewe nafasi ya kujitetea, akubali kwa maandishi, na hata hapo yasizidi robo ya mshahara. Kwa sahani na glasi, ushauri wangu ni kwamba nyumba ibebe hasara. Vyombo huvunjika hata mikononi mwa mwenye nyumba.

Mlezi_Iringa

Mzee amesema vema kuhusu fedha. Niongeze muda, maana hapo ndipo nyumba nyingi za Kikristo zinapodhulumu bila kujua.

Hesabuni pamoja kwenye jumuiya. Dada anaamka saa kumi na nusu alfajiri kwa sababu gari la shule linapita mapema. Baba anarudi saa nne usiku, anapashiwa chakula, vyombo vinaoshwa, dada analala saa tano. Hiyo ni saa kumi na nane na nusu kwa miguu, na usingizi wa saa tano na nusu. Sheria inataka mapumziko ya saa 12 mfululizo kwa siku. Kwa mfanyakazi anayeishi kazini yanaweza kupunguzwa kwa makubaliano ya maandishi, lakini yasishuke chini ya saa 8. Kwa hiyo anayeamka saa kumi na nusu alfajiri anapaswa awe ameshaachwa kabisa saa mbili na nusu usiku.

"Haiwezekani!" ndilo jibu utakalolipata. Inawezekana kwa kuhamisha kazi. Sare za shule za siku tano zipigwe pasi Jumapili jioni au Jumamosi, na wazazi washiriki. Uji wa asubuhi: unga upimwe na sufuria iandaliwe usiku. Chakula cha wanaochelewa kiwekwe kwenye hotpoti, na anayechelewa aoshe sahani yake. Saa nane hadi saa kumi mchana, mtoto mdogo akilala, naye apumzike, bila kupewa "kazi ndogo tu" ya kuchambua mchele.

Kawaida ya kazi kisheria ni saa 45 kwa wiki, zisizidi 9 kwa siku, na siku zisizidi sita. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Wengi hawajui hilo, wanamrudisha dada kijijini mwezi wa kumi na mbili na kumkata mshahara.

Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo. Jumapili ambayo dada amebeba mtoto ibada nzima, kisha akarudi kupika pilau ya wageni wa kanisani, haikuwa siku yake ya mapumziko. Kumbukumbu 5:14 inaeleza wazi kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike vilevile kama wewe. Mpango unaofanya kazi: Jumamosi saa kumi na mbili jioni mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni. Aende anakotaka, na asiulizwe zaidi ya "utarudi saa ngapi?"

Kama ni Mwislamu, usimlazimishe sala ya familia wala ibada. Mpe nafasi ya swala zake, na Ramadhani mwache ajiandalie daku bila kunung'unikiwa gesi. Kazi nzito kama kufua mablanketi zisogezwe mpaka mfungo uishe.

Muuguzi_Tabora

Shalom. Mimi ni chakula, malazi na afya.

Pima kwa idadi ya watu. Familia ya watano na dada ni watu sita. Kilo moja ya nyama inagawanywa kwa sita, ambayo ni gramu 160 na ushei kila mmoja. Kosa la kawaida ni kupakua kwa watano halafu yeye anabaki na mchuzi na ukoko. Dawa ni rahisi: sahani yake ipakuliwe wakati uleule na za wengine, na mama ndiye apakue kwa wiki mbili za mwanzo ili dada asijipunje kwa aibu. Sukari, maziwa, mayai, matunda, vivyo hivyo. Chakula cha kufungiwa kabatini kwa kufuli kinafundisha watoto wenu jambo baya kuhusu binadamu mwenzao.

Kukaa mezani: mwalike kwa kauli ya kweli, lakini usimburuze. Mabinti wengi waliolelewa kwa adabu za nyumbani kwao wanaona haya kula mbele ya baba. Akichagua kula jikoni, basi apate kiti, meza au mkeka safi, na asiitwe mara nne akiwa na tonge mkononi.

Malazi: hata nyumba ya vyumba viwili inaweza kumpa godoro lake, shuka mbili, chandarua na sanduku lenye kufuli ambalo funguo anayo yeye. Akilala na watoto, sawa. Asilale sebuleni ambako watu wanapita usiku. Mlango wa anapolala uwe na komeo la ndani, hili lisijadiliwe. Wageni wa kiume na vijana wa nyumbani wasiingie humo, na baba naye abishe hodi kama mtu mwingine yeyote. Akisema kuna mtu anamsumbua, msikilize siku hiyohiyo, hata kama anayetajwa ni ndugu. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na kama ni mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Taulo za kike ziingie kwenye orodha ya manunuzi ya nyumba kama chumvi, pakiti mbili kwa mwezi, bila yeye kuomba. Sabuni na mafuta pia.

Homa: apimwe malaria ndani ya saa 24. Kumpa panadoli huku akiendelea kufua kunaficha homa na kuchelewesha matibabu. Siku ya ugonjwa ni siku ya malipo.

Na umri. Sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini naomba mada iseme wazi: mtoto wa miaka 14 mahali pake ni darasani. Wale wanaoletwa kwa ahadi ya "nitamsomesha" halafu wanaishia kulea mtoto mchanga wamedanganywa, na aliyewadanganya mara nyingi anakaa kiti cha mbele kanisani.

MwalimuWaJumapili

Kuhusu kurekebisha, nina hatua ninazofundisha kwa wazazi, na zinafaa kwa dada na kwa watoto pia.

Tuseme maharage yameungua. Kwanza zima moto, okoa kilichobaki, kisha nyamaza mpaka sauti yako irudi chini. Mithali 15:1: jawabu la upole hugeuza hasira. Pili, mwite pembeni, si mbele ya watoto wala mgeni. Tatu, taja kilichotokea bila kutaja tabia yake: "Maharage yameungua, maji yaliisha." Usiseme "wewe mvivu". Nne, muulize ilikuwaje, na usikilize mpaka mwisho. Mara nyingi utakuta alikuwa anafanya kazi tatu kwa wakati mmoja: maharage jikoni, mtoto chooni, na mtu wa maji getini. Hapo kosa ni la mpangilio wa kazi, na wa kuurekebisha ni wewe. Tano, mwonyeshe kwa mikono, kisha afanye yeye ukiwa hapo. Yaloweke usiku, maji yafunike maharage kwa vidole vitatu, moto upunguzwe yakianza kuchemka, na aangalie kila baada ya nusu saa. Sita, ukimaliza umemaliza. Kulirudia kosa la Januari mwezi Aprili si kusamehe.

Kitu kikipotea, tafuteni nyumba nzima kwanza na uwaulize wote, akiwemo mume na watoto. Usipekue begi lake, na usikimbilie kwa mtumishi wa Mungu "aoneshwe mwizi". Vilevile tuache kumpeleka kwenye kikundi cha maombi: "mniombee, dada wangu ana mkono mrefu". Huo ni umbeya uliovaa kitambaa cha sala.

Watoto wamwamkie asubuhi, wamwite kwa jina au "dada" na jina lake, waseme "naomba" na "asante". Kuanzia miaka sita mtoto aoshe soksi zake na kupeleka sahani yake jikoni. Mtoto asimtume dada maji wakati jagi liko mbele yake.

MamaJumuiya_Dar

Mungu awabariki sana. Swali la mwisho: ikifika mahali mnapaswa kuachana, labda kipato kimeshuka, tunaachanaje kwa wema? Kuna wanaomtoa mtu usiku na mfuko wa rambo.

MzeeWaUsharika

Mwambie mapema, mchana, mkiwa mmekaa. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28. Kama huwezi kusubiri, mlipe hizo siku. Siku ya kuondoka hesabu iwe na mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuipata, na nauli mpaka mlikomchukulia. Kama ametimiza mwaka na hamuachani kwa kosa lake, kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, mwisho miaka kumi. Mpe barua inayosema alifanya kazi gani, kuanzia lini mpaka lini. Kwa mwajiri wa mbele barua hiyo ni mali.

Basi la asubuhi, si la usiku. Fedha itumwe kwenye laini yake kabla hajapanda, watoto wamuage, na umpigie simu jioni kujua kama amefika. Kama unajua familia nyingine inayotafuta, waulize kwanza maswali yote yaliyoandikwa hapa juu kabla hujawapa namba yake.