Naombeni ushauri: nataka kuacha ualimu nikasomee uafisa probesheni, nianzie wapi?

MwalimuWaZamu:
Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, ajira ya serikali, miaka 38, elimu yangu stashahada ya ualimu. Moyo umeshahama darasani. Nataka kazi ya kusimamia watu wanaotumikia adhabu zao uraiani: probesheni, huduma kwa jamii, parole, zote hizo. Nimeulizia mpaka nimechoka. Mmoja kaniambia nisome Ustawi wa Jamii, mwingine sheria, mwingine kasema kama si askari magereza nisahau kabisa.

Naomba kujua kozi ipi itanifikisha haraka, na nikishahitimu je, naweza kuomba kituo cha kazi ninachotaka mwenyewe? Dirisha la udahili linakaribia kufungwa na usingizi sipati. Kama huna ushauri pita kimya kimya, matusi sitaki.

Kabwela_Msomi:
Ngoja waje wenye fani yao. Nimekaa pale.

BabaWatatu:
Mkuu una ajira ya kudumu unataka kuiacha? Mtaani huku watoto wana shahada zao wanashinda juu ya bodaboda. Mimi niliacha kazi nzuri tu nikamfuata rafiki kwenye kuku wa nyama. Alinipigia hesabu kwenye karatasi, nikajiona tajiri kabla ya Krismasi. Ugonjwa ukaingia bandani wiki moja, kwisha habari. Leo nikipita getini kwa mwajiri wangu wa zamani mlinzi ananiuliza nimekuja kumwona nani. Baki na chaki zako.

Wakili_Kivuli:
Mleta mada, hivyo vitu vitatu usivichanganye, maana kozi inategemea unataka kipi.

Probesheni: mahakama imemkuta mtu na hatia lakini badala ya kumpeleka jela inamweka chini ya uangalizi wa afisa kwa masharti. Huduma kwa jamii: ipo kwa Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka 3. Mtu anafanya kazi bila malipo kwenye shule, zahanati au ofisi ya umma huku analala kwake. Parole ni habari nyingine. Huyo ameshafungwa, kifungo cha miaka 4 na kuendelea, ametumikia theluthi, mwenendo wake mzuri, ndipo anajadiliwa kwa Sheria ya Bodi za Parole ya 1994. Shughuli za parole zimeshikwa na Magereza.

Magereza kwa miaka 38 sahau. Soma matangazo yao: kijana, hajaoa wala kuolewa, hana mtoto. Kwa hizo mbili za kwanza wanachukua raia wenye ustawi wa jamii, sosholojia, sheria na fani za jirani. Ukimaliza shahada ya miaka mitatu utakuwa na 41. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida yanasema umri usizidi 45, na walioko kazini serikalini wanaondolewa kwenye kikomo hicho. Kwa hiyo muda unao, ila si wa kuchezea.

Kituo hauchagui. Unapangiwa.

MwalimuWaZamu:
Asante sana Wakili, umenifungua macho. Ila hiyo ya kituo, hakuna hata njia ya kuandika barua? Sisemi mkoa mzima, hata wilaya moja tu.

Shangazi_wa_Kihonda:
Mbona umeng'ang'ania kituo kuliko kozi? Ulichoulizwa hukijibu, ulichojibiwa hukitaki. Huko wilayani kuna nini?

MwalimuWaZamu:
Ni mambo ya kifamilia tu shangazi, hayahusiani.

Shangazi_wa_Kihonda:
Basi kama hayahusiani yaseme.

Mzee_wa_Taarifa:
Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, sasa nimepumzika. Nikueleze ilivyo, halafu uamue.

Watu wanadhani ni kazi ya kufuatilia wahalifu. Sehemu kubwa ni kuandika. Hakimu anaahirisha shauri ili apate taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na wewe ndiye unayekwenda kuitafuta. Unaingia kwa mshtakiwa, unaona analala wapi na nani anamlisha. Unakwenda kwa mtendaji wa mtaa, kwa balozi, kwa mwajiri kama yupo. Halafu, na hapa wengi wanaruka, unakwenda kwa aliyeibiwa au aliyepigwa. Huyo anakufungulia mlango anadhani umeleta fidia, kumbe umekuja kumuuliza mtu aliyemuumiza akibaki mtaani yeye ataishije. Ukirudi ofisini unaandika kurasa chache ambazo zitaamua mtu alale kwake au alale ndani. Hakimu halazimiki kukufuata, lakini mara nyingi hana macho mengine huko mtaani zaidi ya yako.

Darasani utafundishwa sheria, saikolojia, ushauri nasaha, namna ya kuhoji na kuweka kumbukumbu. Fildi ndiyo itakayokuambia kama unaiweza. Nilikuwa na kijana anatumikia huduma kwa jamii kwenye zahanati, anafyeka na kudeki. Muuguzi mkuu akampenda, akaanza kumsainia mahudhurio hata siku ambazo hakufika, maana mama yake alikuwa mgonjwa. Nilipogundua nilimwandikia mahakamani. Muuguzi hakunisalimia tena. Lakini daftari lile ndilo adhabu yenyewe. Likisema uongo, hakuna adhabu, na hakimu atakayefuata hatatoa amri kama ile kwa mtu mwingine.

Kuhusu ajira yako: USIANDIKE barua ya kuacha kazi. Omba ruhusa ya masomo kwa mwajiri wako, soma, kisha omba kubadilishiwa kada. Itategemea ikama, yaani nafasi za watumishi zilizopo, na bajeti, na inaweza kuchelewa, lakini unasubiri ukiwa na mshahara.

MwalimuWaZamu:
Shikamoo mzee, Mungu akubariki. Tatizo ni kwamba barua nimeshaiandika, iko kwenye droo, na ada ya muhula wa kwanza nimeshalipa. Siyo kukurupuka. Ruhusa ya masomo ni foleni ndefu, na mimi nina sababu ya kuwahi.

Kabwela_Msomi:
Sasa alikuwa anaomba ushauri wa nini? 😂

Shangazi_wa_Kihonda:
Sababu gani ya kuwahi? Tunakusubiri.

MwalimuWaZamu:
Haya. Mdogo wangu wa kiume yuko nje kwa parole na anaishi kwangu, mimi na mume wangu na wanangu wawili. Anayemsimamia ni mtu mkali, hana utu, anapiga simu muda wowote. Nikaona nikiwa ndani ya mfumo nitamsaidia mdogo wangu na vijana wengine kama yeye. Ningepangiwa hapa hapa wilayani ningemsimamia kwa upendo. Ndugu ndiye anayemjua ndugu yake. Kuna ubaya gani?

BabaWatatu:
Kumbe ni dada. Nisamehe kwa kukuita mkuu. Bado nasema baki na chaki.

Chura_Mtulivu:
Dada anataka kuwa refa kwenye mechi anayocheza mdogo wake. VAR hatuitaki.

Mtumishi_wa_Haki:
Mnachekelea, lakini ndiyo maana nchi haiendi. Mhalifu akae ndani amalize kifungo. Sisi tulioibiwa nani anatupigia simu kutuuliza tumelalaje? Niliibiwa pikipiki, mpaka leo nalipa mkopo wa chombo ambacho sikioni.

Wakili_Kivuli:
Dada, tuseme umehitimu leo na umepangiwa mlango wa pili na kwako. Faili la ndugu yako hutapewa. Afisa mwenye maslahi binafsi anatangaza na kujitoa. Pili, nimeshakwambia parole ni ya Magereza, hiyo kozi uliyoilipia inakupeleka upande mwingine. Tatu, shahada ni miaka mitatu. Yeye amebakiza muda gani?

MwalimuWaZamu:
Kama miaka mitatu na kidogo.

Kabwela_Msomi:
Kwa hiyo siku ya mahafali yako ndiyo siku yake ya kuwa huru. Mtapiga picha ya pamoja.

Shangazi_wa_Kihonda:
Huyo msimamizi mkali amekufanyia nini hasa? Kupiga simu ndiyo kazi yake.

MwalimuWaZamu:
Alipiga Jumapili jioni akaniuliza mdogo wangu yuko wapi. Nikamwambia amelala, ana homa. Kumbe mtu wa mtaani alishampelekea maneno. Sasa ametuita wote wawili.

Shangazi_wa_Kihonda:
Na alikuwa wapi?

MwalimuWaZamu:
Alikuwa Dar. Alipanda treni ya asubuhi kutoka hapa Morogoro akarudi usiku. Alikwenda kibaruani, siyo kuiba. Masharti yanasema asitoke wilayani bila ruhusa, lakini ruhusa ya kwenda kutafuta hela ya kula unaiomba kwa nani Jumapili? Mimi nililinda familia yangu. Ungekuwa wewe ungemtaja mdogo wako?

Mzee_wa_Taarifa:
Mwanangu, hii ndiyo uliyopaswa kuanza nayo, kozi ingefuata. Ruhusa anaiomba Ijumaa. Na mwito huo msiende na hadithi ya pili. Semeni alikwenda wapi, kwa nani, kazi gani, na kama kuna mwenye kibarua wa kuthibitisha aje au aandike. Mtu aliyetoka nje ya mpaka kufanya kazi bado anazungumzika. Aliyefichwa na mwenye nyumba ni shida, kwa sababu anwani yake ndiyo dhamana yake. Wakiona nyumba yako haiaminiki, wataanza kujiuliza akae wapi, na jibu la karibu mnalijua.

Jicho_la_Tatu:
Jamani subirini. Dada, mdogo wako alifungwa kwa kosa gani?

MwalimuWaZamu:
Unyang'anyi wa kutumia silaha. Alisingiziwa na marafiki.

Jicho_la_Tatu:
CHAI HII. Mnywe taratibu isije ikawaunguza.

Unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo chake hakipungui miaka 30, na sheria ya parole imewatoa kabisa hao, pamoja na wa maisha na wa dawa za kulevya. Sasa huyo mdogo katoka kwa mlango upi? Kuna mtu anatunga simulizi hapa, kesho mtaisikia kwenye chaneli fulani na picha ya mwanamke analia.

Chura_Mtulivu:
Nilihisi. Ile treni ilikuja kwa mpangilio mno.

BabaWatatu:
Mimi nimeshatoa ushauri wa kuku bure kabisa!

Mtumishi_wa_Haki:
Nilijua. Mwalimu wa kweli angeandika kwa aya fupi.

Kabwela_Msomi:
Jicho, umepitia nyuzi zake za zamani? Mwaka jana alikuwa anauliza bei ya cherehani.

Jicho_la_Tatu:
Ndiyo hapo sasa. Mwalimu, fundi cherehani, na sasa afisa probesheni.

Shangazi_wa_Kihonda:
Nyie vijana, mwalimu gani wa nchi hii ana kazi moja? Cherehani si ushahidi. Hilo la kosa ndilo la kujibiwa.

MwalimuWaZamu:
Nimelia kweli. Alishtakiwa kwa hilo kosa na akafungwa kwa hilo. Akakata rufaa, Mahakama Kuu ikasema silaha haikuthibitishwa, ikabaki unyang'anyi wa kawaida, miaka 15. Kwetu tumezoea kusema kesi ya silaha kwa sababu ndiyo iliyomuua baba. Cherehani niliinunua na ninashona sare za shule jioni. Mnataka niweke hukumu hapa na majina?

Wakili_Kivuli:
Usiweke. Jicho yuko sahihi kwa kosa la kwanza, na rufaa ya namna hiyo ipo, nimeziona nyingi tu: shahidi anasema panga, hati ya mashtaka inasema bastola, silaha inaanguka. Sidai ni kweli. Nasema inawezekana.

Jicho_la_Tatu:
Wakili naye kishapewa kikombe.

Mzee_wa_Taarifa:
Iwe chai au maji, kuna watu wanasoma hapa kimya na wana ndugu zao nje kwa masharti. Niliyoyasema kuhusu mwito wayachukue hao.

Na dada, kama upo kweli: barua iache kwenye droo. Ada, nenda chuoni uulize kama unaweza kuahirisha udahili. Ukishamaliza la nyumbani, na bado unaitaka kazi hii kwa watu usiowajua, rudi nikuelekeze. Kwa sasa unataka kumsimamia mtu mmoja tu, na kwa huyo umeshashindwa kusema alikuwa wapi.

MwalimuWaZamu:
Sijashindwa mzee, nilichagua. Mwito ni Jumatano. Mume wangu anasema tushikilie ile ile ya homa, cheti cha zahanati kinapatikana. Mimi sijui. Ila kozi siiachi, hilo naomba lisijadiliwe tena.

Shangazi_wa_Kihonda:
Cheti! Yaani mnaongeza na kughushi? Dada, njoo inbox sasa hivi kabla hujaharibu zaidi.

Chura_Mtulivu:
Shangazi kaondoka na mgonjwa. Tunasubiri Jumatano.

Kijana_wa_Fursa:
Samahani wakuu, mimi nina D nne za kidato cha nne, moja ni ya somo la dini. Naweza kuanza cheti cha ustawi wa jamii?

Wakili_Kivuli:
Somo la dini halihesabiwi. Una tatu.

Kijana_wa_Fursa:
Na sheria je?

Kabwela_Msomi:
Fungua uzi wako.