"Ambayo iliyopasuka" ndiyo sahihi?! Huyu mtungaji ametuvunjia heshima

MkomaniJuu:
Mnamjua, simtaji. Majaribio ya Kiswahili yamerudi, tazameni swali la 14, "Chagua sentensi sahihi na fupi":

A. Mashua iliyopasuka imevutwa ufuoni.
B. Mashua ambayo iliyopasuka imevutwa ufuoni.
C. Mashua ambayo imepasuka imevutwa ufuoni.
D. Mashua kilichopasuka imevutwa ufuoni.

Mwongozo wake: B! AMBAYO ILIYOPASUKA! Virejeshi viwili vimepandana kama abiria wa punda mmoja. Kirejeshi kikikaa kwenye amba-, kitenzi kinabaki "imepasuka". Kikiingia kwenye kitenzi, amba- inaondoka. Aliyechagua A kapigwa mkasi mwekundu na maneno "haijajitosheleza". Haijajitosheleza!! Amu nzima tufunge shule tukavue.

Shela_Upepo:
Mato yangu yaona nini hapa 😂

KalamuKavu:
Wengine wamekosa kwa kukimbilia fupi. A na D zote zina maneno manne. Futa kwanza iliyovunja ngeli: mashua ni I-ZI, kwa hiyo D nje. Kisha futa yenye marudio, B nje. Zikibaki A na C, zote sahihi, ndipo uhesabu maneno.

MkomaniJuu:
Yeye kahesabu nini, samaki? AMBAYO ILIYOPASUKA jamani.

BabuLangoni:
Umeandika gazeti zima kulalamikia ufupi.

KalamuKavu:
La 19 je? "Sababu ya kuchelewa ni kwa sababu ya upepo" imepewa tiki. Ni "Sababu ya kuchelewa ni upepo", basi. Na la 22, "Angefika mapema angaliikuta boti". -nge- huenda na -nge-, -ngali- na -ngali-.

MalindiYetu:
Nyinyi angalau mnasoma. Huku fotokopi imefifia, "alilia" na "alila" hazitofautiani. Mtoto achague nini?

Shela_Upepo:
Wa SAT, ule mtihani wa kuingilia vyuo Marekani, wana maswali 54 ya kusoma na kuandika kwa dakika 64, na hawapigi kelele.

MkomaniJuu:
Huko hawaandikiwi AMBAYO ILIYOPASUKA.

BabuLangoni:
Umezitaja boti. Ile ya Mokowe haing'oi mpaka ijae, tumeokwa na jua. Huyo naye tusimtaje?

MalindiYetu:
Mfungulie uzi wake, nakuja na kahawa.